Hotuba ya Mwenyekiti Katika Kuadhimisha Miaka Kumi ya Kikundi: Tuelezwe, Tuelewe



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Pili tunawashukuru ninyi wageni wetu, maana tunajua kila mmoja ameacha kazi yake ili aje kukaa nasi hapa chini ya turubai, na joto hili la Dar es Salaam mnalijua wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianza kukutana mwaka 2015, hapa hapa Manzese, kwenye uwanja wa nyumba ya mwenzetu mmoja. Tulikuwa wanawake 18: wauza vitumbua, mama lishe, wauza mitumba, wenye magenge, wauza mkaa, na wengine wa kubangaiza tu, leo hiki kesho kile. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000. Tulinunua sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zikakaa kwa watu watatu tofauti, asiwepo wa kulifungua peke yake. Kuna watu walitucheka, wakasema akina mama hao watagombana kabla ya Krismasi. Krismasi zimepita kumi, sanduku lipo, na sisi tupo 30.

Habari za hisa, mikopo na mgao Mweka Hazina atazisoma, na hesabu zimechapwa humu kijitabuni, kila mtu azione. Sisi leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kingine tulichokifanya katika miaka hii, ambacho hakionekani kwenye hesabu, na ambacho wenzetu wengine wanauliza kama kina faida. Nacho ni kazi ya kuwasaidia watu wa mtaa huu waelewe wanachoambiwa na wanachoandikiwa: kwenye zahanati, kwenye mikopo, kwenye ofisi.

Jamani, tuseme ukweli. Wengi wetu tuliishia darasa la saba. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi, mtoto wa Tanzania katika shule za serikali anafundishwa kwa Kiswahili hesabu, sayansi, jiografia, kila kitu. Halafu sekondari mlango unageuka, masomo ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo sisi tuliobaki upande huu wa mlango tuna elimu yetu, tunajua kusoma, tunajua kuandika, tunajua kupiga hesabu. Lakini ukienda kutibiwa, daktari anasema nawe Kiswahili kizuri tu, kisha anaandika Kiingereza. Majibu ya maabara Kiingereza. Karatasi ya rufaa Kiingereza. Maelezo ndani ya boksi la dawa Kiingereza. Kadi ya kliniki ya mama mjamzito imechapwa kwa Kiswahili, tunashukuru, lakini yanayojazwa humo kwa kalamu mara nyingi ni vifupisho ambavyo mwenye kadi havijui. Mwili ni wako, karatasi ni ya kwako, na wewe ndiye pekee usiyejua imesema nini.

Kikundi kilikuwa bado kichanga kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, Agosti 2015. Wazee wa hapa wanakumbuka hofu ile. Kila nyumba ilikuwa na paketi ya ORS, chumvichumvi ile ya kunywa. Maelekezo yake ni mepesi: paketi moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa 24, inayobaki imwagwe. Lakini kwenye paketi nyingi maneno hayo yalikuwa kwa Kiingereza, basi majirani wakawa wanachanganya paketi nzima kwenye kikombe cha chai, wengine wanamimina nusu kwenye ndoo. Kwenye kikombe inakuwa chumvi kali, inaweza kumdhuru mtoto. Kwenye ndoo inakuwa maji tu. Dawa ilikuwepo, nia ilikuwepo, kilichokosekana ni maneno machache. Wanakikundi walizunguka nyumba kwa nyumba na chupa tupu ya maji ya lita moja, wakionyesha kwa mikono: paketi moja, chupa moja. Kazi yetu ya lugha ilianzia hapo. Hatukukaa tukaipanga, ilitufuata.

Baada ya hapo tuliweka utaratibu. Kila Jumamosi, kabla sanduku halijafunguliwa, tuna nusu saa ya karatasi. Mwenye cheti cha dawa, kadi ya kliniki, fomu ya shule au karatasi ya mkopo anaileta mezani. Tunayoyajua tunaelezana. Tusiyoyajua tunayaandika kama maswali, na mwenye karatasi anarudi nayo kwa nesi au mfamasia akiwa na maswali yake mkononi. Tunalisisitiza hili mbele ya wahudumu wa afya mliopo: sisi si madaktari. Hatumwambii mtu anaumwa nini, wala hatumbadilishii mtu dawa. Tunamsaidia kuuliza tu. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Hebu tutoe mifano, ili aliyekuja leo kwa mara ya kwanza aondoke na kitu.

Kwanza, cheti cha dawa. Utakuta kimeandikwa 2×3, halafu mbele yake 5/7. Mtu wa darasa la saba akiiona anasema hii ni hesabu ya sehemu, tano juu ya saba! Kumbe maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Hiyo saba ya chini ni siku za wiki. Ukiona 2/52 ni wiki mbili, maana mwaka una wiki 52. Ukiona 3/12 ni miezi mitatu. Ni jambo dogo, ukishaambiwa hulisahau. Lakini asiyeambiwa anameza siku mbili, akipata nafuu anaweka vilivyobaki kabatini kwa ajili ya mtoto.

Pili, dawa ya mseto ya malaria. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi anapewa vidonge 24. Anameza vinne, halafu baada ya saa nane anameza vinne vingine. Baada ya hapo ni vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Na vinywewe na chakula au maziwa, kwa sababu dawa ile inahitaji mafuta ya chakula ili iingie vizuri mwilini. Wangapi hapa waliwahi kuinywa na maji matupu wakidhani ndiyo usahihi? Msinyooshe mikono, tunajuana.

Tatu, mtoto akiharisha anapewa ORS pamoja na vidonge vya zinki kwa siku kumi. Kuharisha kukikoma siku ya tatu, zinki inaendelea hadi siku zile zitimie. Mama asiyeelezwa hivyo anaacha, na mtu asimwite mzembe.

Nne, mama mjamzito. Akipimwa presha ikawa 140 juu ya 90 au zaidi, hiyo si namba ya kufungia kadi ukaenda zako. Akiumwa kichwa sana, akiona maruweruwe, akivimba uso na mikono, akitokwa na damu, au mtoto akiacha kucheza tumboni, asisubiri tarehe ya kliniki. Aende siku ile ile, hata usiku. Maneno haya tumeyafanya kama wimbo wetu, wasichana wetu wote wanayajua.

Basi kutokana na hayo tukatengeneza maswali matatu ambayo kila mwanakikundi anatakiwa kuyauliza kabla hajatoka kwa mhudumu. Naumwa nini? Nifanye nini nyumbani? Nikiona dalili gani nirudi haraka? Na akishajibiwa anarudia kwa maneno yake mwenyewe mbele ya nesi, "Kwa hiyo umesema nifanye hivi na hivi." Kama amekosea, nesi anamsahihisha pale pale. Tunajua foleni ni ndefu na manesi wamechoka. Lakini dakika moja ya kurudia inaokoa safari nzima ya kurudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hadi hapo tumezungumzia Kiingereza. Ipo na lugha nyingine. Mji huu umejaa watu wa kila mkoa. Mtoto akipata chumba mjini anamleta mama yake kutoka kijijini amtunze. Huyo mama mara nyingine ni Mgogo, Msukuma au Mmakonde aliyekulia na kuzeekea kijijini, na Kiswahili chake ni cha salamu tu. Sisi watu wa Dar es Salaam tunadhani kila Mtanzania anajua Kiswahili kama sisi, kwa hiyo mtu wa namna hiyo hatumwoni kabisa.

Alikuwepo bibi mmoja mtaani kwetu, Mgogo, aliletwa na mwanawe. Jina lake tunalihifadhi. Alikuwa anaumwa, na kila akipelekwa kutibiwa alikwenda na mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka 14, ndiye aliyekuwa mkalimani. Bibi alikuwa anatokwa na damu ukeni, na umri wa hedhi ulishampita zamani. Sasa jamani, bibi wa Kigogo atamwambia nini mjukuu wake wa kiume? Akasema tumbo. Mjukuu akasema tumbo. Wakamtibu tumbo. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ilitokea mwenzetu mmoja, muuza mboga, naye ni Mgogo, akapita pale na kapu lake akamwamkia bibi, "Mbukwenyi." Bibi akainua uso. Walikaa kibarazani mpaka mboga zikanyauka. Siku ya pili yake walikwenda wote wawili, mwanamke na mwanamke, na bibi akasema neno lake lote. Akapimwa, akapewa rufaa ya Ocean Road, na kule akaambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi, nayo imeshakwenda mbali. Alipata matibabu, alipunguziwa maumivu, alikaa nasi muda kidogo, kisha Mungu akamchukua.

Waswahili husema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Lakini bibi yule hakuficha maradhi. Alikosa mtu wa kumwambia. Hatusemi kwamba lugha peke yake ndiyo iliyomuua, wala hatumlaumu kijana yule, alibebeshwa mzigo usio wake. Tunachosema ni kwamba miezi ile ilipotea bure, na katika saratani hii miezi ni kitu kikubwa. Ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi hapa nchini, na inaanza na mabadiliko madogo ambayo mhudumu anaweza kuyaona kwa kupaka siki na kuangalia, yakatibiwa kabla hayajawa saratani. Na wasichana wetu wana chanjo yake, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wenye miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Mwenye binti na amwulize, umechanjwa?

Baada ya msiba ule kikundi kilikaa kikatunga masharti, na masharti hayo ndiyo tunayoyafuata mpaka leo. Wapo wanakikundi saba wanaojua lugha za kwao vizuri, na wanawasindikiza wagonjwa. Mtoto hatumiki kuwa mkalimani wa ugonjwa wa mzazi, isipokuwa hakuna mwingine na hali ni ya hatari. Mwanamke anasindikizwa na mwanamke. Mkalimani anasema yote yaliyosemwa, haongezi wala hapunguzi, hata kama neno ni zito. Mgonjwa anaulizwa kwanza kama anamtaka huyo mkalimani, maana mwingine ni jirani yake na hataki ajue. Na lililosikika chumba cha daktari linabaki chumba cha daktari. Atakayelitoa nje, hata kwa mumewe, anavuliwa kazi hiyo siku hiyo hiyo. Msindikizaji halipwi, anarudishiwa nauli tu kutoka mfuko wa jamii.

Tumejifunza pia kwamba ugonjwa na karatasi ya mkopo ni ndugu. Mtu akiuguliwa anakimbilia fedha ya haraka, ile mikopo wanayoiita kausha damu, na anatia dole gumba kwenye karatasi ambayo hajaisoma. Akina mama wamepoteza majokofu, makochi na vyerehani kwa namna hiyo. Kwa hiyo nusu saa ya karatasi inahusu na hayo. Tunawaambia wenzetu: usiweke sahihi siku ile ile, njoo nayo Jumamosi. Uliza riba ni kiasi gani kwa mwezi, jumla utarudisha shilingi ngapi, na ukichelewa wanachukua nini. Na akina mama mjue, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wengi hawajui kwamba sahihi yao ina nguvu kiasi hicho. Na tangu mwaka 2021 Bunge limekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kama hakimu ameruhusiwa kuandika kwa Kiswahili, mwenye duka la mikopo anashindwa nini?

Sasa tufike kwenye lile linalosemwa chini chini, tuliseme hadharani. Wapo wanakikundi wanaosema: sisi ni kikundi cha akiba, kwa nini mfuko wa jamii ulipe nauli ya kumsindikiza mtu ambaye hana hata hisa moja? Fedha hizo si bora zigawanywe mwisho wa mwaka? Ni swali la haki, na anayeuliza si adui.

Jibu letu ni hili. Tumekaa miaka kumi tunaandika ni kwa nini mikopo inachelewa kurejeshwa. Sababu inayorudi mara nyingi si uvivu wala ukorofi, ni kuuguliwa. Mama ameacha genge lake wiki mbili yuko na mtoto hospitali, rejesho litatoka wapi? Na mtoto aliyemaliza dozi vizuri harudi tena hospitali. Kwa hiyo anayedhani neno lililoeleweka si fedha, na aje aangalie daftari la marejesho. Tena kipindupindu kilipokuja hakikuuliza nani ana hisa na nani hana. Tunachota maji mamoja, tunatumia vichochoro hivi hivi, mtaro ni mmoja. Jirani akiwa salama nasi tuko salama. Uamuzi ni wa mkutano mkuu, nao tutauheshimu, lakini sisi viongozi tunaomba fungu hili libaki, na hata liongezwe kidogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi machache, na hatuombi mamilioni. Tunaomba kwenye dirisha la dawa bahasha iandikwe kwa maneno: asubuhi viwili, mchana viwili, jioni viwili, siku tano. Tunaomba anayepewa rufaa aelezwe kwa Kiswahili anakwenda kufanyiwa nini, kabla hajakabidhiwa karatasi. Tunaomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii waje Jumamosi angalau mara moja kwa mwezi watusahihishe, tusije tukawa tunafundishana visivyo. Na tunaomba matangazo ya mtaa yasibandikwe ukutani tu, yasomwe na kwa kipaza sauti, wapo wazee wasiosoma kabisa. Mambo mapya yanakuja: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na bima maana yake ni fomu na karatasi. Tusingoje mpaka watu wasaini wasichokijua.

Tusieleweke vibaya. Hatukichukii Kiingereza. Wanetu wakisome, wakijue, waje watusomee maboksi ya dawa. Wala hatuzionei haya lugha za kina bibi zetu, maana tumeona kazi yake. Tunachotaka ni kwamba mtu yeyote wa mtaa huu, awe na lugha moja, mbili au tatu, asitoke kwenye mlango wowote wa huduma akiwa na karatasi asiyoielewa.

Kwa wanakikundi wenzetu: kazi ya miaka kumi ijayo ni kuwapata wasindikizaji wengine, hasa vijana, kwani sisi tunazeeka. Mwenye lugha ya kwao na anajua kutunza siri, aandikishe jina lake leo kwa Katibu kabla ya pilau. Tunarudia, kabla ya pilau, maana baada ya pilau hatutaonana.

Tunawashukuru waume zetu waliovumilia Jumamosi zote hizi, tunawashukuru wafadhili wa mtaani waliotupa viti na turubai, na manesi wanaotusikiliza hata foleni ikiwa ndefu. Mungu awabariki.

Akina mama, hoyee! Akiba yetu, idumu! Tuelezwe, tuelewe!